MSTARI WA EMBAKASI HAUFANYWI NA KARANI



Kila mtu apitaye katika Kiwanja cha Ndege cha Jomo Kenyatta, ambacho wengi wetu bado twakiita Embakasi, hutoka na neno la kusema. Mmoja asema mstari ulikuwa mrefu hata miguu ikavimba. Mwingine asema alivua viatu na mshipi mara mbili kabla ya kuiona ndege yenyewe. Wa tatu asema alitafuta mahali pa kukaa asipate, akakaa juu ya sanduku lake. Na karibu wote, wakimaliza kusema, humtafuta mtu wa kumlaumu, na mtu aliye karibu ni yule aliyevaa sare: karani aliye nyuma ya kioo, msichana wa mizani, askari wa mashine, mpakuzi wa mizigo, mama wa ufagio. Hao ndio watukanwao.

Sisi twasema mstari ule haukufanywa na hao. Ulifanywa mezani kwa wachora ramani na katika daftari za fedha, miaka mingi kabla ya karani huyo kuandikwa kazi.

Twajua kuna mwanachama atakayeuliza kwa nini gazeti la chama litumie karatasi kwa habari ya viwanja vya ndege, maana yeye hupanda matatu. Ndugu, wakati wa kusema ndege ni ya matajiri umepita. Nenda Embakasi usiku utazame walioketi karibu na mlango: utaona binti wa Kakamega, wa Kisii au wa Kilifi, anakwenda Saudia au Qatar kufanya kazi za nyumbani, mkononi ana bahasha ya karatasi na moyoni ana hofu. Huyo ni mfanya kazi kama wewe. Tena wako maelfu wapatao ugali wao pale pale kiwanjani, na kiwanja chenyewe ni mali ya umma. Kikiharibika, gharama ni yetu. Kikiuzwa, kilichouzwa ni chetu. Kwa hiyo habari hii ni ya chama.

Kiwanja cha kwanza pale kilifunguliwa na Gavana Evelyn Baring mwezi wa Mei mwaka 1958, wakati wa Hali ya Hatari. Wazee wetu walijua ni mikono gani iliyokijenga: mikono ya wafungwa na mahabusu wa Serikali ya kikoloni, waliochimba na kubeba mawe katika jua kali, bunduki zikiwatazama. Hawakuulizwa neno lo lote juu ya njia wala juu ya nyumba. Hatuandiki haya ili kufufua uchungu. Twaandika kwa sababu desturi ile ya kutaka mkono wa mfanya kazi na kutotaka kichwa chake haikuondoka pamoja na bendera ya Mwingereza.

Jengo kubwa la abiria lilifunguliwa mwaka 1978, upande wa pili wa njia ya kurukia ndege. Umbo lake ni kama nusu duara, magari yakizunguka upande wa ndani na ndege zikisimama upande wa nje. Kwa siku zake lilikuwa jengo zuri, wala hatulidharau. Msafiri aliteremka garini, akatembea hatua chache, akapanda ndege yake. Lakini lilipimwa kwa watu milioni 2.5 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365, utapata watu wasiofika 6,900 kwa siku. Kufika mwaka 2012 walikuwa wakipita watu zaidi ya milioni 6 kwa mwaka, yaani zaidi ya 16,000 kwa siku, ndani ya kuta zile zile na juu ya sakafu ile ile.

Tena umbo lenyewe lina matata yake. Nyumba iliyonyooka waweza kuiongezea chumba kichwani, kama tufanyavyo kwetu mashambani mtoto akioa. Nyumba iliyopinda kama pete, na maegesho ya magari yamekaa tumboni mwake, huongezwa kwa shida. Kila kipande kipya hukaa peke yake, kikawa na mlango wake, mashine zake na mstari wake. Na ujia wa ndani ulikuwa mwembamba. Kwa miaka mingi watu waingiao nchini na watu watokao walipishana humo humo, mmoja akikimbilia ndege, mwingine akipapasa mfuko kutafuta pasipoti, na maduka pembeni yakila nafasi iliyobaki. Maduka, kama mjuavyo, hulipa kodi. Benchi halilipi kodi. Katika viwanja vingi vya dunia hiyo ndiyo sababu utaona manukato ya kila namna kabla hujaona kiti.

Halafu ukaja moto. Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 2013 ukumbi wa kupokelea wageni watokao nchi za nje uliteketea. Twashukuru kwamba hakuna mtu aliyekufa kwa moto ule. Abiria wakapokelewa katika mahema, kisha sehemu ya chini ya nyumba ya kuegeshea magari ikageuzwa kuwa ukumbi wa watu. Na bado ndege ziliruka. Za humu nchini na za mizigo zilianza tena siku ile ile, na za nchi za nje zikafuata, kwa sababu wafanya kazi walikubali kugonga mihuri na kupakua mizigo mahali pasipo na ukuta wala dari ya maana. Siku zile hakuna aliyesema wafanya kazi wa Embakasi ni wavivu.

Mwaka 2014 likafunguliwa jengo jipya, lile liitwalo 1A. Mwaka 2015 likaja jingine, la kuunganishwa vipande vipande, la kusaidia kwa muda. Majengo hayo yalisaidia kweli. Lakini tazama hesabu: moja la watu milioni 2.5, la pili vivyo hivyo, ukijumlisha na lile la mwaka 1978 utapata milioni 7.5. Na wasafiri katika miaka ya karibuni wamepita milioni 8. Yaani baada ya moto, baada ya mahema, baada ya hotuba zote na utepe wote uliokatwa, tulijenga tukafika mahali ambapo watu walikuwa wamekwisha kupita.

Kulikuwa na jengo ambalo lingetosha. Mwezi wa Desemba mwaka 2013 Rais Uhuru Kenyatta aliweka jiwe la msingi la jengo la watu milioni 20 kwa mwaka. Mwaka 2016 mkataba ukavunjwa. Jiwe liliwekwa, nyumba haikuja.

Sasa na tuseme habari ya mstari wenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Hebu tufanye hesabu ya mfano. Karani mmoja wa pasipoti akitumia dakika mbili kwa mtu mmoja, na hiyo ni kazi ya haraka, atapitisha watu 30 kwa saa. Makarani sita watapitisha 180. Ndege moja kubwa yaweza kuleta watu 240. Zikitua mbili pamoja, watu ni 480, na mtu wa mwisho atafika mezani baada ya saa mbili na dakika arobaini. Makarani hao hawakupumzika, hawakwenda chai, hawakusemezana wao kwa wao. Walifanya kazi kama mashine ya kusaga, na mstari ukawa saa mbili na dakika arobaini. Ungeweza kuwapiga faini, kuwafukuza na kuandika wengine, na hesabu isingebadilika hata kwa dakika moja.

Sasa waweke makarani kumi na wawili, na muda utakuwa nusu yake. Jambo lenyewe ni hilo tu. Lakini makarani kumi na wawili wataka meza kumi na mbili, na meza zataka upana wa ukumbi, na upana wa ukumbi wataka mtu aliyefikiri zamani kwamba ndege za mbali hazifiki moja moja kama mvua ya manyunyu, hufika kwa mafungu. Embakasi ni njia panda ya Afrika Mashariki. Watu hutoka Ulaya, Asia na kusini ya bara letu wakabadilisha ndege pale, na kwa hiyo ndege hupangwa zifike karibu karibu ili watu waunganishe safari. Biashara ya shirika la ndege yataka fungu. Jengo la zamani lilipimwa kwa manyunyu. Katikati ya hayo mawili amesimama karani, na msafiri aliyechoka anampigia kioo.

Kuna jambo jingine, nalo ni la ukaguzi. Watu wa nchi iliyopigwa bomu mwezi wa Agosti 1998 hawahitaji kufundishwa kwa nini msafiri hukaguliwa. Hatupingi ukaguzi. Twauliza ulikowekwa. Kwa miaka mingi abiria aliteremshwa garini njiani, mbali na jengo, akatembea na mkoba wake na mtoto wake kupita mahali pa kukaguliwa, huku gari likizunguka kumngojea upande wa pili. Akifika jengoni akakaguliwa mlangoni. Akikaribia ndege akakaguliwa tena. Kila ukaguzi uliongezwa kwa sababu yake, na kila mmoja ulitiwa mahali palipopatikana nafasi, kwa kuwa ramani ya kwanza haikuwa na mahali pake. Ndiyo maana mstari hutokea nje ya mlango, mahali pa jua na mvua. Askari wa mashine hakuchagua kusimama pale. Aliwekwa pale, akaambiwa asitoke.

Na mvua imetufundisha mengine. Katika mwaka 2024 Wakenya wote waliona picha za paa la kiwanja likivuja, maji yakimwagika mbele ya wageni. Watu walicheka, wengine wakaona haya kwa ajili ya nchi. Sisi tulimfikiria mfagiaji. Yeye ndiye ajuaye paa linavuja wapi kabla ya mkubwa ye yote, maana ndiye awekaye ndoo. Lakini siku hizi kazi nyingi za ufagio, za ulinzi na za mizigo hutolewa kwa makampuni ya kandarasi. Mfagiaji hana bwana mmoja wa kumwambia. Akimwambia msimamizi wake, huyo msimamizi ameajiriwa kuleta ndoo, si kutengeneza paa. Mwenye paa yuko katika ofisi nyingine, na hajui jina la mfagiaji. Basi habari ya tone la kwanza hufia sakafuni, mpaka tone liwe mto na mto uwe picha.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulizimika karibu nchi nzima, na kiwanja kikaingia gizani kwa saa kadhaa, maana mitambo ya akiba haikufanya kazi kama ilivyopasa. Waziri akaomba radhi, na mkuu wa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege akaondolewa kazini. Hatumlilii mkubwa ye yote aliyeondolewa. Lakini mtambo wa umeme haujui mkuu wake ni nani. Wajua mafuta, na fundi, na kipuri kilichonunuliwa kwa wakati. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule giza likarudi.

Tusidhani mambo haya ni ya nchi maskini peke yake. Wajerumani walikuwa wakifungue kiwanja kipya cha Berlin mwaka 2012, kikafunguliwa Oktoba 2020, kwa sababu mitambo ya kuondoa moshi wakati wa moto haikufaa. Hiyo ni miaka minane ya jengo kusimama bila wasafiri. Lakini mfano utufaao zaidi ni wa London, nao twawaomba mwusome kwa makini, maana ni mfano wa wafanya kazi.

Tarehe 27 Machi 2008 lilifunguliwa jengo la tano la kiwanja cha Heathrow. Lilikuwa jengo jipya, pana, lenye kioo kirefu, lililogharimu pauni zaidi ya bilioni 4. Hakuna aliyeweza kusema ni dogo au ni la zamani. Siku ya kwanza zaidi ya safari 30 za ndege zilifutwa, na katika siku zilizofuata mifuko na masanduku zaidi ya 20,000 yakatengana na wenyewe. Kwa nini? Wapakuzi walifika kazini wakakosa mahali pa kuweka magari yao. Waliopata mahali wakakuta mstari wa kukaguliwa kwa wafanya kazi. Walioingia ndani hawakuzijua njia za jengo, kwa kuwa mafunzo yalikuwa machache na majaribio yalikatwa ili siku ya kufungua isisogezwe. Mkuu wa shirika la ndege alikiri hayo mbele ya Kamati ya Bunge la Uingereza. Na wajumbe wa chama cha wafanya kazi walisema mbele ya Kamati hiyo hiyo kwamba wenzao walikuwa wameona taabu ikija.

Fikirini jambo hilo. Mabilioni ya pauni yaliyumbishwa na maegesho ya magari ya wapakuzi. Wachora ramani walikumbuka mwanga, na maduka, na miti mbele ya mlango. Mtu wa kubeba sanduku walimkumbuka mwisho, na sanduku likalala.

Sasa turudi kwetu. Mfanya kazi wa zamu ya alfajiri pale Embakasi hufikaje kazini? Reli haifiki mlangoni. Barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 ni ya mwenye gari na mwenye nauli ya kulipia njia. Yeye hungoja gari la namba 34, na saa tisa za usiku si saa ya magari. Kwa hiyo huondoka nyumbani mapema mno, akafika amechoka kabla hajashika kazi, kisha husimama saa nane mbele ya watu waliochoka kama yeye. Halafu aambiwa atabasamu. Twapenda wageni waonyeshwe uso mwema, na wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji huyu hajapona bado, na tabasamu la mtu mwenye usingizi ni kazi ngumu kuliko kuinua sanduku.

Na yule binti wa kwenda Ghuba? Kwake taabu ya jengo si taabu ya miguu tu. Msafiri aliyezoea akikuta mstari mbaya hukasirika, basi. Asiyezoea huogopa. Hajui mlango upi ni wake, hajui mstari huu ni wa nini, na wakala aliyemleta ameachwa nje ya mlango. Mahali penye msongamano na pasipo na mtu wa kuuliza ndipo matapeli wapendapo kukaa. Mtu hujitokeza akasema, nipe pasipoti yako, nipe elfu moja, nitakupitisha. Jengo lililopangwa vizuri ni ulinzi kwa mtu kama huyu kuliko hotuba kumi juu ya haki za wafanya kazi wa ng'ambo. Meza moja tu, yenye mtu asemaye Kiswahili kwa upole, iliyo ndani ya mlango na si nyuma ya mashine ya tatu, ingezuia machozi mengi.

Hapa yatupasa kusema na wenzetu bila kuficha. Mfanya kazi ye yote achukuaye shilingi mia mbili ili ampitishe mtu mbele ya wengine anauza kitu kisicho chake. Mstari ni mbaya, lakini ni wa haki maadamu kila mtu asimama kwa zamu yake. Ukiuza nafasi ndani yake, basi mstari wakufaa wewe, na siku tutakayodai ufupishwe hatujui utakuwa upande gani. Chama hakitamtetea mtu wa namna hiyo, na tusilaumiwe baadaye kwamba hatukusema.

Tufike sasa kwenye jambo lililotufanya tuandike. Tarehe 6 Machi 2019 wafanya kazi wa kiwanja waligoma, wakipinga mpango wa kukiweka kiwanja chini ya shirika la ndege. Wakapigwa virungu, na askari wa jeshi wakaletwa kufanya kazi ya ukaguzi. Mwaka 2024 likaja jambo kubwa zaidi. Kampuni ya Adani ya India ilitaka kupewa kiwanja kwa miaka 30, nayo ingetumia dola bilioni 1.85 kujenga jengo jipya na njia ya pili ya kurukia. Mahakama Kuu ilisimamisha mpango huo tarehe 9 Septemba. Tarehe 11 Septemba wafanya kazi waligoma, na siku ile ile jioni wakarudi kazini baada ya mapatano. Tarehe 21 Novemba Rais William Ruto alisema Bungeni kwamba mpango umefutwa.

Wengi walishangilia, nasi tulishangilia. Lakini twakumbuka pia sauti nyingine, na wanachama wasijifanye hawakuisikia. Wako wananchi, tena si matajiri, waliosema: Wape hao Wahindi, labda watapata kutuondolea mstari huu na paa hili. Watu hao hawakuwa wasaliti. Walikuwa wamechoka. Mtu aliyesimama saa mbili na dakika arobaini hana subira ya kusikiliza maneno juu ya mali ya umma. Atampenda ye yote amwahidiye kiti.

Basi hiyo ndiyo hatari tuionayo. Kila ndoo iliyowekwa chini ya paa ni hoja mkononi mwa mnunuzi. Kila mstari ulio nje ya mlango wafanya kazi ya wakili wake. Hana haja ya kutupiga. Angoja jengo lituchonganishe na abiria, kisha aje na ramani nzuri yenye rangi na kusema, hawa wenu wameshindwa. Na katika ramani ile nzuri, tukitafuta idadi ya wapakuzi na wafagiaji watakaobaki, na mshahara wao, hatuoni. Kwa hiyo mfanya kazi hawezi kukaa akisema, jengo si langu, kazi yangu ni mihuri. Mpango wa mwaka 2024 ulifutwa, lakini paa halikutengenezwa kwa kufutwa huko, na haja ya jengo jipya ipo, na njia ya kurukia ilibaki ile ile moja. Mpango mwingine utakuja kwa jina jingine.

Twataka nini? Twataka, kabla mkataba wo wote wa jengo jipya haujatiwa sahihi, ramani iwekwe mezani mbele ya wajumbe wa wafanya kazi, na si wajumbe wa ofisini tu. Awepo mpakuzi, awepo mtu wa mashine, awepo mfagiaji wa kandarasi. Waulizwe sanduku litapita wapi, choo cha zamu ya usiku kiko wapi, mtu mwenye kiti cha magurudumu atapandaje ngazi ikiwa lifti imekufa, maji ya mvua yatakwenda wapi. Maswali haya hayahitaji shahada. Yahitaji mtu aliyeinama pale miaka kumi. Na gharama yake ni chai ya mikutano michache, ukilinganisha na kubomoa ukuta baada ya kuujenga.

Twataka pia yale yasiyongoja jengo jipya. Meza zilizopo ziwe na watu wakati wa fungu la ndege. Mtu hawezi kusema makarani hawatoshi huku vijana waliosoma wamejaa barabarani wakitafuta kazi. Viti viongezwe hata ikipasa duka moja liondoke. Paa lifunikwe pale wanaongojea nje. Mfagiaji wa kandarasi apewe haki ya kuandika habari ya uharibifu moja kwa moja kwa mwenye jengo, na jibu lirudi kwake kwa maandishi. Na gari la wafanya kazi wa zamu ya usiku, jambo lililosemwa mara nyingi mno hata twaona haya kulirudia, lipatikane.

Ili tusiende kwa wakubwa na maneno matupu, twaomba kila mwanachama afanyaye kazi pale, na kila mwanachama apitaye pale kwa safari, atuandikie. Usiandike kwamba hali ni mbaya; hayo twayajua. Andika mlango upi, saa ngapi, meza ngapi zilikuwa na watu na ngapi zilikuwa tupu, ulisimama dakika ngapi, maji yalidondoka wapi. Usiandike jina la karani, maana hatutafuti karani. Usipige picha mahali palipokatazwa. Dada na ndugu waliorudi kutoka Ghuba, twataka habari zenu hasa za siku ya kuondoka: ni wapi mlipotea njia, na ni nani mliyemwuliza.

Karatasi zipelekwe kwa katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi. Asiyeweza kuandika amwendee katibu amweleze kwa mdomo, naye ataandika.